Haloperidoli na shingo iliyopinda

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 22. Alianzishiwa haloperidoli kwa sababu alikuwa anasikia sauti. Siku ya pili shingo ilipinda, macho yakaganda juu, taya likakaza, ila alikuwa anatusikia. Majirani wakasema ni mapepo. Kwenye kituo cha afya alidungwa promethazini, akanyooka kabla ya nusu saa, lakini usiku ikarudi. Dawa ya akili inakazaje misuli? Tuiache? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Si mapepo. Ni mkazo wa misuli unaoletwa na dawa yenyewe. Huwapata zaidi vijana wa kiume, mara nyingi ndani ya siku nne au tano za kwanza.

Amri ya kusogeza kiungo hutoka kwenye gome la ubongo. Upande wa kushoto huongoza mkono wa kulia. Lakini amri hiyo haishuki hivi hivi hadi uti wa mgongo. Ndani kabisa ya ubongo kuna mafungu ya seli yanayotuma ishara za kuzuia bila kupumzika, makumi kila sekunde, hata mtu akiwa ametulia. Ni kama boda iliyoegeshwa kwenye mteremko wa Kabale: breki imeshikwa muda wote, na kwenda ni kuiachia kwa kipimo. Njia moja huachia mwendo unaotakiwa. Nyingine huikaza breki kwa miendo mingine yote. Ukigeuza shingo kushoto, misuli inayovuta kulia lazima inyamazishwe.

Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, huzipa njia hizo mbili uwiano, na pia huzituliza seli jirani zinazomwaga asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe. Haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea. Sauti hupungua kwa sababu hiyo, lakini vipokezi vya aina hiyohiyo vipo pia kwenye sehemu ya mwendo, na dawa haichagui. Asetilikolini hubaki bila wa kuizuia, misuli inayopingana hukaza kwa pamoja, shingo hujipinda.

Promethazini huizuia asetilikolini isifanye kazi, ndiyo maana alinyooka. Usiku ikarudi kwa kuwa nguvu yake huisha baada ya saa chache, hali haloperidoli hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Hapo ndipo dozi moja ya sindano huwadanganya wengi. Kwa kawaida hufuatiwa na vidonge vya benzheksoli (wengi huviita Artane), ambavyo navyo huizuia asetilikolini, kwa siku kadhaa. Vitunzwe na mtu mzima wa nyumbani, maana wapo wanaovitumia kulewa. Akikauka mdomo ni kawaida. Mkojo ukigoma, arudi kituoni.

Msiache haloperidoli kienyeji, sauti zitarudi. Mwombeni aliyemwandikia apunguze dozi au abadilishe dawa. Sauti ikikwama kooni au pumzi ikawa ya shida, kimbieni hospitali saa hiyohiyo. Vilevile homa kali pamoja na mwili mgumu na kuchanganyikiwa: hilo ni tatizo jingine, na huua. Na kama taya lingekaza bila dawa yoyote, kwa mtu mwenye kidonda, ningefikiria pepopunda kwanza.

Kwenye daftari lake la matibabu andikeni dawa, dozi, saa aliyopewa na saa shingo ilipoanza kupinda. Ongezeni pia kwamba asipewe metoklopramidi akitapika, kwa sababu nayo huziba vipokezi hivyohivyo.