Madigadi, mipira mikubwa na chumvi: majibu ya maswali yenu

Nina Suzuki Jimny ya 1.3, mipira yake ya asili ni 205/70R15. Nimenunua 235/75R15 na nikikata kona inakwangua. Fundi anasema tukate madigadi mpaka ipite. Tukate wapi? (Jambiani)

Kipimo kilitakiwa kitangulie pesa, lakini tuendelee. Mpira wako wa zamani una kipenyo cha milimita 668, huu mpya 734. Ukingo wake basi umesogea milimita 33 juu, mbele na nyuma. Nafasi hiyo ndiyo ya kutafutwa. "Mpaka ipite" si kipimo.

Springi ndefu peke yake hazitakuokoa. Zinainua gari ikiwa imesimama. Ukitumbukia shimo la mawe ya uwandani na springi zikabonyea mpaka mwisho, gurudumu linafika pale pale lilipokuwa likifika, isipokuwa umerefusha na raba za kugotea, zile zinazoizuia eksili isipande zaidi.

Fanyeni hivi. Toeni springi za mbele, teremsheni bodi ikalie raba zake, wekeni stendi chini ya chesi asije mtu akalaliwa, kisha zungusheni usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Halafu pandisheni gurudumu moja kwa jeki mrudie. Kila panapogusa, tieni chaki. Jimny hugusa pembe za bampa, ambazo ni plastiki na hukatwa bila hasara, kisha ukingo wa nyuma wa madigadi. Kwa ndani mpira hukwangua vile vyuma virefu vinavyoshika eksili. Hivyo havikatwi hata kidogo. Rekebisheni boliti za kugotea usukani, zile zinazoamua gurudumu likunje mpaka wapi, na gari itakubali kukata kona pana kidogo.

Sasa nasema lile ninalolisema kila mara na bado naletewa magari yaliyooza. Kwenye ukingo wa madigadi bati la nje na la ndani yameunganishwa kwa mshono. Ukiuvuka kwa grenda, mabati yanaachana, na mchanga na maji ya chumvi vinapata nyumba. Nilipokea Jimny moja iliyokatwa miezi michache nyuma, rangi yake ya nje inang'aa. Nikabonyeza kwa kidole gumba chini ya mlango, nyuma ya gurudumu la mbele. Bati likazama kama biskuti iliyochovywa chai, ukamwagika mchanga mbichi kiganjani mwangu. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni, hakupata la kusema.

Mkilazimika kuuvuka mshono, chomeleeni upya mabati yote mawili, mzibe kwa silanti ya bodi. Na ukingo uliokatwa usilale mtupu hata usiku mmoja: pigeni tupa, osheni kwa maji matamu, ukauke vizuri, kisha praima ya zinki na rangi mara mbili. Huko kwenu, kusi likivuma, chuma kilichokatwa alasiri asubuhi kina wekundu.

Kama muuzaji anakubali kubadilisha, chukua 215/75R15. Ina kipenyo cha milimita 704 hivi, na kwa kawaida Jimny huipokea bila bodi kuguswa, pengine kupunguza plastiki tu. Ukibaki na hiyo 235, jua kuwa spidi mita ikionesha 80 wewe uko karibu na 88. Na breki ni zile zile.

Mpira gani mkubwa kabisa unaingia kwenye gari yangu?

Gari gani? Rimu inchi ngapi? Imeinuliwa au haijainuliwa? Swali hili naletewa kila mara likiwa tupu namna hii, na sitalijibu.

Je, spesa zinamaliza tatizo la kukwangua? (Bububu)

Spesa, yaani vipande vinavyowekwa kati ya rimu na habu kulitoa gurudumu nje, zinasaidia kwa ndani tu, kwenye springi na chesi. Kwa nje zinalisukuma gurudumu mbali zaidi, kwa hiyo likikunjwa linazunguka kwa duara kubwa na kuipiga madigadi kwa nguvu mpya. Beringi nazo zinabeba mzigo usio wao.

Land Rover Defender 110 ya mzee wangu: tumeongeza vifuniko vya mpira juu ya madigadi kwa boliti, sasa kuzunguka kila boliti kunatoka unga mweupe. Ni chokaa? (Konde, Pemba)

Si chokaa, mwanangu. Mabati hayo ya Defender ni aluminiamu, na boliti mlizotia ni za chuma. Metali mbili zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga huo ni mabaki yake. Fungua zote, sugua mpaka bati safi, paka rangi ndani ya kila tundu, kisha rudisha boliti zikiwa na washa za plastiki na bushi ya plastiki ndani ya tundu, chuma kisiguse bati. Nyuma ya kifuniko mwagia maji matamu kila ukitoka pwani. Gari ya mzee inastahili hivyo.

Nataka mipira mikubwa nipite mchanga wa kwenda Kigomasha. (Wete)

Hukuhitaji kukata wala kununua. Punguza upepo mpaka psi 16 au 18, nenda taratibu, usikate kona ghafla, na ujaze tena ukifika lami. Mpira mkubwa wenye psi 35 utazama kama mwingine. Na wote mnaoshuka na magari pwani, Paje na Jambiani hasa: mwani ulioanikwa mchangani ni mshahara wa mama wa watu. Zungukeni.

Tunakunja mdomo wa madigadi ya nyuma ya Suzuki Escudo kwa kuuchoma moto kisha nyundo. Ni sawa? (Mwanakwerekwe)

Upande wenye mdomo wa tangi, hapana! Bomba la petroli linapita ndani ya madigadi hiyo hiyo. Toeni bomba kwanza na mzibe tangi, ondoeni nyaya za taa, mfungue waya wa betri kabla ya kuchomelea chochote. Kukunja kwenyewe hakuhitaji moto: chaneni ukingo vipande vya sentimita tatu tatu, mkunje kimoja kimoja kwa nyundo na kipande cha mbao, mradi msifike kwenye mshono. Vioo vifunikeni kwa blanketi bichi, cheche za grenda zinaingia kwenye kioo na hazitoki. Mkisikia harufu ya petroli, zimeni kila kitu, isukumeni gari nje.