Usisaini hiyo karatasi ya kwanza

Usisaini, ndugu. Nimesoma uzi wako mara mbili. Umeokoka, unatunza stoo, bosi anataka Ijumaa usaini kwamba mzigo umefika wote na wewe unajua umepungua, na mzee wa kanisa lenu amekutuliza kwa habari ya Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma na kumgeukia Mungu wa Israeli. Unauliza kama ni dhambi, kama ile hela ya asante unaweza kuitolea fungu la kumi, na kama umwambie mkeo. Salamu nimeziruka kwa sababu hicho kiti nimekikalia, na Naamani huyo huyo nilipewa mimi.

Nianze naye, maana bado ananichoma. Mlezi wangu wa kiroho alinifungulia 2 Wafalme 5:18, pale Naamani anapoomba asamehewe atakapoinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, kwa kuwa mfalme wake humwegemea mkononi. Nabii Elisha anamwambia aende kwa amani. "Umeona? Kazini unainama, moyoni uko na Mungu." Akafunga Biblia. Hakufika mstari wa 20! Hapo ndipo Gehazi, mtumishi wa Elisha, anapomkimbilia Naamani, anadai ametumwa na bwana wake, anapokea talanta mbili za fedha na mavazi, anavificha ndani, kisha anasimama mbele ya Elisha na kusema hakwenda popote. Akatoka pale na ukoma. Naamani alilitaja jambo lake kwa mdomo wake, mbele ya nabii, na hapakuwa na aliyedhulumiwa. Karatasi yako ni ya Gehazi. Yule mlezi alikuwa amefundisha Biblia miaka mingi, alijua fika kinachofuata, na hilo sijalimeza mpaka leo. Mimi nami nilikuwa na Biblia nyumbani. Sikuifungua, kwa sababu jibu lake lilinifaa.

Karatasi yangu iliandikwa maboksi 60. Niliyohesabu yalikuwa 48. Bosi aliweka kidole chini ya mstari wa sahihi, akasema yaliyobaki yanakuja wiki ijayo, tusimcheleweshee mtu malipo yake. Hakusema danganya. Hakuna atakayekuambia danganya, utaambiwa saidia. Nikasaini. Ile ya kwanza niliombwa, tena kwa upole. Ya pili niliikuta mezani imeshajazwa, kalamu juu yake. Kwa ya tatu nilijaribu kusita, bosi akaniuliza, "Sasa na ile uliyosaini mwezi uliopita tuifanyeje?" Hapo ndipo nilipoelewa. Ukishatoa ya kwanza, huna tena mdomo wa kukatalia zinazofuata.

Ukaguzi ukaja. Vitabu vinasema mzigo uliingia wote, rafu zinasema haupo. Kama uliingia na haupo, umeibwa, na ufunguo wa stoo tulikuwa nao watu wawili: mimi na kijana niliyemfundisha kazi. Kijana huyo nilimleta kanisani mimi mwenyewe, alikuwa kwenye kikundi chetu cha maombi cha Alhamisi. Walimwita nikiwa nimekaa pale. Akaeleza kwamba mzigo haukutimia tangu siku unashushwa, kwamba tulihesabu pamoja, mara mbili. Akageuka, akanitazama, akingoja niseme ndiyo. Niliangalia mkebe wa kalamu uliokuwa mezani. Nakumbuka mpaka kalamu nyekundu iliyokosa kifuniko.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo kama mwizi. Alhamisi mimi ndiye niliyeongoza maombi, na tulimwombea "ndugu yetu aliyeanguka". Nilisema amina.

Ilinichukua miezi mitano kwenda kusema kweli. Kazi niliipoteza, hela niliyopewa niliirudisha, na kijana jina lake likasafishwa kwenye makaratasi. Nilipokwenda kwake hakunikaribisha ndani. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mpaka nikamaliza, akasema, "Sawa kaka," akafunga. Kanisani hajarudi, hapo kwetu wala kwingine. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne, nami nimejaribu kupiga hesabu ya mara nne ya kitu kama hicho. Haipigiki.

Kuna mchangiaji huko juu amemleta Rahabu aliyewaficha wapelelezi, na wale wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao ili watoto wasiuawe. Ndugu yangu, wale walificha ukweli ili mtu asiuawe, na hatari waliibeba wao. Wewe unaombwa ufiche faida ya mtu, na hatari ataibeba mwingine, pengine mdogo kuliko wewe. Umesema stoo kuna msaidizi. Mtazame vizuri huyo kesho.

Fungu la kumi? Soma Walawi 6. Aliyedhulumu anarudisha mali yote, anaongeza sehemu ya tano, ndipo anapeleka sadaka ya hatia. Mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye.

Ila usifike huko. Leo ni Jumatano. Usingoje Ijumaa ukutwe na kalamu mkononi na watu wamekuzunguka, pale hutaweza, mimi sikuweza. Nenda kwa bosi kesho asubuhi, peke yako, kwa adabu, umwambie, "Bosi, mimi nitaandika idadi nitakayoihesabu." Basi. Usimhubirie, usimtajie Gehazi. Akikasirika, mwache akasirike kesho, wakati jina lako bado haliko kwenye karatasi yoyote.