Ichiro na zile hiti 4,367

Wapo wanaosema Ichiro Suzuki, mchezaji wa besiboli kutoka Japani, alivunja rekodi ya hiti ya Mmarekani Pete Rose (hiti ni pigo linalomwezesha mpigaji kufika salama kituo cha kwanza au zaidi). Hapana, hakuivunja. Hizo 4,367 ni jumla ya ligi mbili: 1,278 alizipiga Japani akiwa na Orix BlueWave (1992 hadi 2000), na 3,089 Marekani, nyingi akiwa na Seattle Mariners. Rose ana 4,256, zote za ligi kuu ya Marekani, kwa hiyo rekodi rasmi bado ni yake.

Ila msimdharau mtu aliyeingia ligi ile akiwa na miaka 27. Mwaka 2004 alipiga hiti 262 katika msimu mmoja, akaifuta rekodi ya George Sisler ya 257 iliyokaa tangu 1920. Hiyo haina ubishi, ni ya Marekani tupu.

Na si kwamba alikuwa na nguvu za kuupiga mpira hadi jukwaani kila siku. Mtazameni kwenye video: anapiga kwa upande wa kushoto, na kabla gongo halijamaliza kuzunguka mguu umeshaanza safari ya kituo cha kwanza. Mpira unadunda taratibu, mlinzi anauokota, jamaa kashafika. Mimi nilianza kumfuatilia kwa hilo tu.

Kuhusu Jumba la Mashuhuri, linaloenzi magwiji wa besiboli, aliingia 2025, kura 393 kati ya 394. Huyo mmoja aliyemnyima sijui alikuwa anaangalia mchezo gani.