Mashine yaweza, tena zamani

Kaka hapo uliposema kompyuta yafata amri tu, haiwezi kutoa kanuni yenyewe kwa kuangalia mifano, hapo mimi nakataa kabisa. Mamangu akinunua samaki Mji wa Kale ainua shavu aone wekundu, abonyeza nyama kwa kidole kama yarudi ama yabaki shimo, na hakuna aliyemwandikia sheria, ni miaka ya kununua na wengine kumvundia jikoni. Sasa mashine nayo ndo hivohivo, waipa mapicha maelfu, huyu mzima huyu ameoza, kila ikikosea yarekebisha namba zake za ndani mpaka yamtambua samaki ambaye haijamuona hata siku moja. Hiyo kama si induksheni, yaani kutoa kanuni kwa kuangalia mifano, basi ni nini? Na si jambo la juzi, Marekani mwaka 1958 mtafiti Frank Rosenblatt alionyesha kompyuta ikijifunza kutofautisha kadi zenye alama kushoto na zenye alama kulia.

Pabaya ni hapa, ukiipa picha za samaki wazima wote wako juu ya barafu itashika barafu badala ya samaki, kisha uiletee changu aliyeoza juu ya barafu itakwambia mzima huyo, chukua. Lakini swali la mwanafalsafa David Hume, kwanini tuamini kesho itafanana na jana, hilo latubana sote, mashine na mamangu. Ukipenda hesabu za hiyo induksheni msome mtafiti Ray Solomonoff, kazi yake ya 1964.