Lifungueni jalada kabla ya kumsaka muuaji mwingine

Swali la wiki hii lilikuwa: tamthilia ya televisheni inayofufua kesi ya mtu ambaye huenda alifungwa bila hatia inahitaji nini ili iaminike?

Kwanza ibadilishe swali lake. Nyingi huuliza nani aliua, zikamsaka muuaji halisi kwa vipindi sita, na akishapatikana mfungwa anatoka siku ileile. Majaji wa rufaa hawafanyi kazi hiyo. Kwa sheria ya Uingereza wanachopima ni kama ni salama kuiacha hukumu isimame, na mfungwa anaweza kuachiwa bila mtu mwingine yeyote kukamatwa. Mwandishi akilishika hilo, hadithi itatoka mitaani na kuingia kwenye jalada, na humo ndimo kesi hizi hushindwa au hushinda.

Kizingiti kikubwa ni upya wa ushahidi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(6), inamruhusu aliyemaliza ngazi zote za rufaa kuomba kesi isikilizwe upya, lakini awe na ushahidi mpya na wenye uzito. Uingereza, sheria ya rufaa za jinai ya 1968 inawataka majaji waangalie pia kama kuna sababu inayoeleweka ya ushahidi huo kutotolewa mwanzoni. Hapa ndipo waandishi huteleza. Wakili shujaa anampata shahidi ambaye jina lake limekuwemo kwenye jalada miaka yote, na watu wanashangilia. Jaji atauliza mara moja: mbona hakuitwa? Kama wakili wa kwanza alimjua akaamua kumwacha, kazi ni ngumu sana. Kama polisi waliyakalia maelezo yake, hiyo ni hoja nyingine kabisa. Marekani, tangu uamuzi wa Brady dhidi ya Maryland wa 1963, kuuficha ushahidi muhimu unaomsaidia mshtakiwa ni kumnyima haki yake ya kikatiba. Basi tuonyesheni wakili akiweka ubavu kwa ubavu orodha ya nyaraka walizopewa utetezi na rejesta ya polisi, akishuka namba kwa namba, mpaka akute namba iliyorukwa. Onyesho hilo halihitaji muziki.

Mpangilio wa kazi nao uonekane. Anayepitia kesi huanza na mwenendo wa kesi wote, si hukumu peke yake, kwa sababu hukumu ni muhtasari wa kile jaji alichokiamini. Kisha rejesta ya vielelezo, kisha madaftari ya polisi. Kama mshtakiwa alikiri, huchorwa jedwali la safu mbili: polisi walilijua lini kila jambo, na jambo hilo liliingia lini kwenye maelezo ya kukiri. Mkosaji halisi kwa kawaida hutoa jambo ambalo polisi hawakulijua, likathibitishwa baadaye. Ungamo lisilo na chochote kipya linatia shaka. Linalotia shaka zaidi ni lile lililobeba kosa lilelile ambalo polisi wenyewe walikuwa wakiliamini siku hiyo, mathalani silaha isiyo sahihi, kwa maana mshtakiwa angeyapata wapi makosa ya wapelelezi kama si kwao?

Kwa upande wa picha, sijui kwa nini kifaa kiitwacho ESDA hakitumiki zaidi. Ukiandika kwenye karatasi iliyo juu ya nyingine, ya chini hubaki na alama za mkandamizo zisizoonekana kwa macho. Mtaalamu anailaza karatasi hiyo ya chini kwenye sahani ya chuma, anaifunika kwa utando mwembamba wa plastiki unaovutwa chini na pampu mpaka ugande, anauchaji kwa umeme, kisha anamwaga unga mweusi kama wa mashine ya fotokopi. Unga unaganda kwenye mikandamizo na maneno yanajitokeza. Sasa fikiria mahojiano ambayo polisi waliapa kuwa waliyaandika papo hapo, ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wa 4 unapaswa kubeba alama za ukurasa wa 3. Ukikutwa na alama za ukurasa wa 3 wenye maneno tofauti na ule uliofikishwa mahakamani, mtu aliuandika upya. Karatasi yenyewe haiharibiki, kwa hiyo upande wa mashtaka unaweza kurudia kipimo.

Kipimo hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiangusha kesi ya Birmingham Six, wanaume sita waliofungwa maisha Uingereza mwaka 1975 kwa milipuko ya mabomu iliyoua watu 21. Jambo jingine lilikuwa ushahidi wa kisayansi: mikono yao ilipimwa kwa kipimo cha Griess, na mtaalamu wa mashtaka akasema ana uhakika wa asilimia 99 kwamba baadhi yao walishika nitrogliserini, kemikali ya vilipuzi. Baadaye ilionyeshwa kwamba vitu vya kawaida vyenye nitroselulosi, zikiwemo karata, hutoa jibu lilelile, na watu hao walikuwa wamecheza karata kwenye treni. Lakini rufaa ya kwanza baada ya kesi kufunguliwa upya ilitupwa Januari 1988, wakatoka Machi 1991. Tamthilia isiyo na kushindwa kwa aina hiyo katikati inawapunja watazamaji.

Kuhusu vinasaba (DNA) nitasema machache. Suala la kwanza ni kama kielelezo bado kipo, na kama kilihifadhiwa kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, na ukungu na bakteria huviharibu vinasaba. Vinasaba vya mtu mwingine kwenye koti lililoshikwa na makarani kwa miaka 20 havina uzito mkubwa. Chini ya kucha za marehemu ni habari nyingine. Shahidi wa macho naye apimwe kwa maelezo yake ya siku ya kwanza: aliyesema "nadhani ndiye" kwenye gwaride la utambulisho, kisha "nina hakika" mahakamani, huenda aliongezewa uhakika na askari aliyempongeza.

Wekeni pia bodi ya parole, inayoamua kama mfungwa aachiwe kabla ya kumaliza kifungo. Mfungwa anayeshikilia kwamba hana hatia anaweza kuonekana hajajutia kosa, akakaa ndani muda mrefu kuliko aliyekubali. Huko kuna mgogoro wa kweli ndani ya mtu mmoja, na hauhitaji kufukuzana kwa magari.

Mwisho, msiishie kwenye lango la gereza. Tangu 2014, England na Wales zinamtaka aliyefutiwa hukumu, akitaka fidia ya serikali, aonyeshe kwamba ushahidi mpya unathibitisha pasipo shaka kuwa hakutenda kosa lile. Mahakama ilimwachia kwa sababu hukumu haikuwa salama. Fomu ya fidia sasa inamdai athibitishe kwamba hana hatia, na wengi hawawezi. Mpeni kipindi kizima na fomu hiyo.