Jirani Nisaidie: jeraha la mbwa, panadol kwa paka, na maharage yasiyoiva

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na kilio kinachofanana: kitu kilichokuwa karibu kimetumika haraka, au kipimo kimekisiwa kwa macho, na mambo yakaharibika. Tunaanza na barua isiyoweza kusubiri.

Mbwa amemng'ata mwanangu

*Jirani, shikamoo. Mwanangu wa miaka saba aling'atwa mkononi na mbwa asiye na mwenyewe. Bibi yake alimpaka mafuta ya taa na unga wa kahawa, damu ikakata. Kidonda ni kidogo sana. Je, kuna haja ya kwenda hospitali? Na vijana wa mtaa wanataka kumuua huyo mbwa. Mama, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu. Kama hujaenda, nenda leo hii, hata kama wiki zimepita. Udogo wa kidonda usikupumbaze. Virusi vya kichaa cha mbwa vimo kwenye mate, na mate hupenya hata penye mkwaruzo wa jino. Vikishaingia hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Ndiyo sababu dalili huchelewa, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na ndiyo sababu jeraha la usoni, shingoni au vidoleni linatisha zaidi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo hufanya kazi katika kile kipindi cha kimya tu, mtoto akiwa bado anacheza kama kawaida.

Mafuta ya taa, kahawa, pilipili na majivu huchubua nyama, haviui virusi, na vinampa daktari kazi ya kusafisha upya. Dawa ya kwanza ipo kila nyumba: sabuni na maji. Kipande cha sabuni ya kufulia kinatosha. Mpeleke mtoto bombani, au mtu mmoja amwage maji kwa kata bila kukatisha na mwingine aoshe. Ingiza povu ndani ya jeraha, suuza, rudia, kwa dakika 15 za kuangalia saa. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huukata utando huo kama inavyokata mafuta kwenye sufuria ya pilau. Mtoto akilia watu huacha kwenye dakika ya pili. Wawili mpokezane, msiache. Kisha paka iodini au spiriti. Usikibane kidonda kwa bandeji, na usikimbilie kukishonesha.

Hospitalini siku ya sindano ya kwanza huitwa siku 0. Nyingine hufuata siku ya 3 na ya 7, na zikichomwa kwenye msuli huongezwa kati ya siku ya 14 na ya 28. Kwa kuwa damu ilitoka, uliza pia kuhusu immunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, ambazo huchomwa ndani na pembeni mwa jeraha. Hutolewa mara moja tu, na zisipite siku 7 tangu chanjo ya kwanza. Uliza na sindano ya pepopunda. Kabla ya kupanda gari pigeni simu, maana si kila zahanati ina chanjo hii kwenye friji, na nauli ya kwenda bure ndiyo inayowakatisha watu tamaa.

Vijana wasimuue mbwa kama anaweza kufungiwa bila mwingine kung'atwa. Afungiwe siku 10, apewe maji na chakula, atazamwe kila siku. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyong'ata huugua na kufa ndani ya siku hizo. Akiwa mzima siku ya 10, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini chanjo ianze sasa, haimsubiri mbwa. Ikibidi auawe, asipigwe kichwani, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo. Mwiteni ofisa mifugo wa kata, na asiguswe kwa mikono mitupu.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kichaa si povu na hasira tu. Kipo kichaa cha kimya. Mbwa hujificha kizani, taya hulegea, maji yanamshinda kumeza. Mwenye mbwa hudhani mnyama amekwamwa na mfupa, anatia mkono mdomoni kuutafuta, na hapo ndipo anapoambukizwa.

Wenye mbwa, wapelekeni wachanjwe kila mwaka. Eneo likichanja angalau mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupitia. Mara nyingi chanjo za bure hutangazwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu, mwaka 1895. Sikilizeni matangazo ya kata yenu.

Paka amepewa nusu kidonge cha panadol

*Paka wetu alikuwa amezubaa, pua ya moto. Dada wa kazi akamsagia nusu kidonge kwenye maziwa. Sasa uso umevimba. Msomaji, Kinondoni.*

Huyu asilale nyumbani. Ini la binadamu huivunja paracetamol na kuitoa. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo dawa hugeuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu. Damu ipo mwilini lakini haibebi hewa. Mfunue mdomo utazame fizi: badala ya rangi ya waridi utaona rangi ya udongo, au zimeiva kibuluu. Uso na nyayo huvimba, paka hupumua harakaharaka. Kidonge kimoja chaweza kumuua paka mzima, na hata nusu ni hatari.

Usimpe maziwa zaidi, usimtapishe kwa maji ya chumvi. Mtie kwenye boksi lenye matundu, chukua pakiti ya dawa, mwambie daktari wa mifugo ilikuwa miligramu ngapi na saa ngapi. Ipo dawa inayopambana na sumu hiyo, asetilisisteini, ila inataka kuwahi. Na pua ya moto haipimi homa ya paka. Homa hupimwa kwa kipimajoto, na joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo.

Kosa lililo jirani na hilo ni kumpaka paka dawa ya kupe ya mbwa, au ile ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina permethrini au dawa za jamii yake. Mbwa anaivumilia, paka hutetemeka hadi kudondoka. Kwa viroboto tumia kichana chenye meno membamba: chana kuanzia shingoni, na kila mara chovya kichana kwenye bakuli la maji ya sabuni viroboto wazame. Mayai na mabuu hayakai kwa paka, yapo kwenye mkeka na matandiko anapolala. Hayo fua kwa maji ya moto kila wiki, la sivyo utachana mwaka mzima.

Maji ya chumvi na sukari yanamtapisha mtoto

*Mtoto wangu wa mwaka mmoja anaharisha. Nachanganya kijiko kikubwa cha chumvi na viwili vya sukari kwenye jagi. Anakunja uso na kutapika. Baba, Tabora.*

Simamisha mchanganyiko huo, kaka. Chumvi ni nyingi mno, na chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini mwa mtoto, kinyume cha ulichokusudia. Pakiti ya dawa ya kuharisha, ile ORS ya dukani au zahanati, ni bora kuliko ya kukisia. Soma ubavuni inataka maji kiasi gani, nyingine ni lita 1 na nyingine nusu lita, na watu hukosea hapo.

Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa (chupa mbili za nusu lita), vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Onja kabla ya kumpa: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakikaa saa 24 mwaga, tengeneza mengine.

Kwa umri wake mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kijiko kwa kijiko, si kwa chupa. Akitapika ngoja dakika 10, anza tena taratibu zaidi. Maziwa ya mama yaendelee. Omba na vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma (aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10). Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, acha kuchanganya na umkimbize hospitali.

Maharage yanakula mkaa

*Nachemsha maharage saa nne hayaivi. Jirani yangu anasema nitie magadi. Msomaji, Nakuru.*

Chunguza mambo matatu. La kwanza ni umri: maharage yaliyokaa stoo yenye joto na unyevu hukaza ndani, na hayo hata ufanyeje yatakuchelewesha. Nunua kidogo, uliza ni ya msimu gani. La pili ni maji: ya kisima chenye chokaa hukaza ganda, kwa hiyo tumia ya mvua kama unayo. La tatu ni nyanya, ndimu au ukwaju kutiwa mapema. Uchachu huzuia kulainika. Viungo hivyo vingoje mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili.

Magadi hulainisha, jirani yako hajakudanganya. Lakini huua vitamini B1 iliyomo, na yakizidi mchuzi una ladha ya sabuni. Loweka tu. Kikombe 1 cha maharage kwa vikombe 3 vya maji, tangu usiku hadi asubuhi, mwaga maji hayo, tia mapya. Yakilowa vizuri ukipasua punje katikati haina kiini cheupe kikavu.

Kisha chemsha kwa moto mkali, yatokote kwelikweli, angalau dakika 10. Hatua hii usiiruke, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu inayoitwa lektini, na moto wa kuvuguvugu hauiui. Wanaoyaacha kwenye jiko dogo tangu mwanzo ndio wanaotapika saa chache baadaye. Baada ya hapo punguza moto, funika, saa moja hadi moja na nusu.

Kuokoa mkaa: yakishachemka nusu saa, funika sufuria imejaa moto, itie kwenye kikapu kilichotandikwa blanketi au mito, zungushia pande zote na juu, usifunue saa tatu au nne. Yanajimalizia yenyewe. Sufuria iwe imejaa karibu pomoni. Ya nusu hupoa kabla kazi haijaisha. Yatokotese tena kabla ya kuunga.

Jodari anayewasha ulimi

*Tulikula jodari, hakunuka. Nusu saa baadaye nyuso zikawa nyekundu, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Je, tuna mzio wa samaki? Msomaji, Mombasa.*

Mkiwa mmeugua pamoja, si mzio, ni histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Jodari, vibua na jamii yao wakiachwa juani, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, na kukaanga, kuchemsha au kukausha hakuiondoi. Pua haiwezi kuitambua kila mara. Ulimi unaweza: samaki akiwasha kama pilipili ambayo hukuitia, tema, acha. Vidonge vya mzio kama setirizini hutuliza, na mwenye kubanwa kifua aende hospitali.

Sokoni uliza samaki ametiwa barafu tangu saa ngapi. Nenda na deli lako: kilo 1 ya samaki kwa kilo 1 ya barafu, utumbo na mashavu yakitolewa kwanza, barafu iingie hadi tumboni.

Kichefuchefu Kitonga

*Nikifika kona za mlima Kitonga, barabara ya Iringa, natapika kila safari. Mwanafunzi, Njombe.*

Kata tiketi ya kiti kilicho kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, upande wa dirisha. Kiti cha mwisho hurusha kuliko vyote. Tazama mbali barabarani, simu iwe mfukoni tangu Mahenge au Ilula, kutegemea unatoka upande gani. Kula chepesi saa mbili kabla, usipande na njaa tupu wala na chipsi mayai. Tangawizi mbichi ya kutafuna huwasaidia wengi. Dawa kama promethazini inywe nusu saa hadi saa moja kabla ya kona, maana ukishaanza kutapika itatoka nayo. Inaleta usingizi, na asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili.

Kadi ya njano ya 2012

*Nilichanjwa homa ya manjano mwaka 2012. Nasafiri kwenda Lubumbashi. Je, nirudie? Mfanyabiashara, Tunduma.*

Huna haja. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Anayechanjwa mara ya kwanza achome angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, kwani kabla ya hapo kadi haitambuliwi. Ya kwako itazame mambo mawili: jina liwe herufi kwa herufi kama la pasipoti, na muhuri na saini visomeke. Ikiwa imelowa na wino umetawanyika, rudi kituo ulichochanjiwa na uombe nakala mapema, wakati daftari lao bado linapatikana.