Müller Wawili, Kata Moja: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nasaba za Wajerumani wa Pennsylvania

Maswali ya toleo hili yote yanahusu walowezi waliozungumza Kijerumani katika koloni la Pennsylvania, kabla Marekani haijajitenga na Uingereza. Barua tumezifupisha.

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani wa ukoo wa Miller. Karatasi za kwao zinasema babu yao wa kwanza, Johann Müller, alishuka Philadelphia kati ya 1737 na 1740 akiwa na ndugu zake wawili. Kwenye orodha za meli akina Müller wamejaa. Nitamtambuaje wetu, na nitajuaje kama hao ndugu ni ndugu kweli?

JIBU: Dada, jina la kutilia shaka kwanza ni hilo Johann. Wajerumani wa karne ya 18 walizoea kumpa mtoto majina mawili, na la kwanza mara nyingi lilikuwa la kanisani tu. Nyumbani na shambani mtu aliitwa kwa la pili. Johann Peter, Johann Georg na Johann Heinrich waweza kuwa watoto wa tumbo moja, na majirani wakawajua kama Peter, Georg na Heinrich. Johannes ni jambo jingine: hilo ni jina kamili, na mwenye nalo ndiye aliyekuja kuitwa John. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba babu yenu alikuwa Johann fulani, na hilo "fulani" limedondoka njiani. Ukimtafuta John peke yake utampita mlangoni.

Orodha zenyewe zinataka kusomwa kwa kujua zilivyoandikwa. Kuanzia Septemba 1727 hadi 1775, wanaume wageni wenye umri wa miaka 16 na zaidi walipelekwa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Wanawake na watoto kwa kawaida hawamo, kwa hiyo kutomwona mke kwenye orodha hakumaanishi kwamba mume alikuja kapera. Zipo za aina tatu: ya nahodha, ya kiapo cha utii, na ya kiapo cha kumkana mdai wa kiti cha enzi wa ukoo wa Stuart. Ya nahodha iliandikwa kwa sikio, tena mara nyingi na mtu asiyejua Kijerumani, ndiyo maana mtu mmoja wa meli moja ana tahajia tatu. Zote zilichapishwa mwaka 1934 katika juzuu tatu, na juzuu ya pili ina picha za saini.

Hiyo juzuu ya pili ndiyo ya kukaa nayo. Chukua saini ya kila Müller wa miaka hiyo uilinganishe na saini iliyo chini ya wosia au hati ya mauzo ya babu yenu: M imeanzaje, nukta mbili za ü amezitia au hakuzitia, jina la kwanza amelifupisha vipi. Wengi hujikwaa hapa kwa kulinganisha na kitabu cha kunakilia wosia. Mle mwandiko wote ni wa karani, hata "saini". Omba karatasi halisi kutoka ofisi ya kaunti. Na aliyeandika jina lake vizuri kwenye meli hatarajiwi kuweka alama ya X miaka 20 baadaye, labda awe mgonjwa au mzee sana. Ukiona hivyo, huenda una watu wawili.

Kisha nakili majina kumi ya juu yake na kumi ya chini yake. Watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja, na mara nyingi walipanga foleni pamoja. Wafuatilie hao ishirini kwenye daftari za ubatizo na ramani za ardhi. Wawili watatu wakijitokeza tena kando ya Müller mmoja, wakipakana naye na kumsimamia mtoto wake ubatizo, huyo umeanza kumpata. Wasimamizi wa ubatizo ni ushahidi wenye uzito kuliko jina la ukoo, kwa sababu hawakuokotwa barabarani. Mara nyingi walikuwa kaka, dada au shemeji wa wazazi, na mtoto alipewa jina la msimamizi wake.

Tengeneza jedwali la akina Müller wote wa eneo lile, hata wale usiowataka: mwaka, kata, kanisa, jina la mke, wasimamizi, majirani, saini au X. Kazi kubwa ni kuwaondoa. Huyu amezikwa 1749, yule mkewe ni Barbara ilhali wa kwenu ni Eva, mwingine bado yuko katika orodha ya kodi ya vijana wasiooa wakati babu yenu ana watoto wanne. Habari ya "ndugu watatu waliovuka bahari" imo katika koo nyingi mno za Marekani. Ichukue kama fununu, usiipande kwenye mti wa ukoo.

SWALI: Wosia wa mwaka 1761, ulioandikwa kwa Kiingereza, unamwita mtu "mkwe" wa marehemu, lakini umri wake haulingani na binti yeyote. Na orodha ya kodi ina Senior na Junior ambao siwezi kuwaunganisha kama baba na mwana. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei, ila unasoma kwa maana za leo. Neno hilo la Kiingereza la mkwe, son-in-law, wakati ule lilimhusu pia mtoto wa kambo. Kama mzee alioa mjane, mtafute mwanaume huyo chini ya jina la mume wa kwanza wa mama yake. Senior na Junior walikuwa tu mkubwa na mdogo wenye jina moja katika kata moja: baba na mwana, mtu na mpwa wake, au watu wasiohusiana kabisa. Mkubwa akifa, mdogo hupanda cheo na kuwa Senior, na hapo ndipo mtafiti huunganisha maisha ya watu wawili kuwa moja. Kwa Kijerumani, Vetter lilibeba ndugu wengi wa kiume, kama sisi tunavyolitumia neno ndugu lenyewe. Tochtermann ndilo halina utata: ni mume wa binti.

Pasipokuwa na wosia usikate tamaa, maana nasaba zilizo wazi zaidi zilitokana na watu waliokufa bila wosia. Nenda kwenye Mahakama ya Yatima ya kaunti, iliyoshughulikia mirathi na walezi wa watoto. Kwa sheria ya Pennsylvania ya wakati huo mjane alipata theluthi, na kilichobaki kiligawiwa watoto kwa sehemu sawa, isipokuwa mwana wa kwanza alichukua sehemu mbili. Tuseme baada ya kutenga theluthi ya mjane zimebaki pauni 140. Karatasi inaonyesha watu watatu wakipokea pauni 28 kila mmoja na mmoja pauni 56. Hesabu ni sehemu tano, watoto wanne, na wa pauni 56 ndiye mwana wa kwanza. Mmoja wa wale wa pauni 28 akipokea "kwa haki ya mkewe", umepata binti na ndoa yake kwa mstari mmoja. Sehemu zikiwa sita na majina yakatosha tano tu, kuna mtoto hujamwona. Tafuta pia uteuzi wa walezi: mtoto aliyetimiza miaka 14 alijichagulia mlezi, mdogo zaidi alichaguliwa na mahakama, hivyo umri unaukadiria hapo hapo. Mlezi naye mara nyingi alikuwa ndugu wa mama.

Angalia kaunti ilizaliwa lini kabla ya kulaumu makarani. Lancaster ilianza 1729, York 1749, Cumberland 1750, Berks na Northampton 1752. Mtu aliyefia mwaka 1748 mahali ambapo leo ni Berks, karatasi zake ziko Philadelphia, Lancaster au Chester.

SWALI: Wosia umeandikwa Novemba 1740 na kuthibitishwa Februari 1740. Ni kosa la karani?

JIBU: Hapana. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari hiyo kwetu ni ya 1741. Andika 1740/41. Septemba 1752 nayo ilikatwa siku 11: baada ya tarehe 2 ilifuata 14. Waprotestanti wa Ujerumani walikuwa wameshabadili kalenda mwaka 1700, ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa ya kijijini na ile ya kaburini Pennsylvania zaweza kupishana siku 11 na bado mtu ni mmoja.

SWALI: Nimepata kijiji cha Ujerumani kinachodhaniwa kuwa cha asili. Nithibitishe vipi? Na je, kipimo cha DNA hakiwezi kumaliza ubishi?

JIBU: Daftari nyingi za makanisa ya Kiprotestanti za Ujerumani zinasomwa kwa malipo kwenye tovuti ya Archion, na tovuti ya FamilySearch ina nyingine bila malipo. Kuupata ubatizo wa Peter Müller mwaka unaofaa hakujathibitisha lolote. Lazima uhakikishe kwamba ametoweka pale kijijini: hakuzikwa huko, hakuoa huko baada ya kuhama, watoto wake wamekoma kubatizwa mwaka uleule wa meli. Wengi hulisahau kaburi, kisha babu yao anavuka bahari akiwa alikufa na miaka miwili. Mtoto akifa, mdogo wake alipewa jina lilelile, kwa hiyo soma hadi mwisho wa uzazi wa yule mama.

Mwanamke aliandikwa kwa mwisho wa -in: Müllerin ni mke au binti wa Müller. Ndani ya rekodi ya ndoa tafuta neno weyland mbele ya jina la baba. Maana yake ni marehemu, na linakupa ukomo wa maisha yake. Waliokuwa chini ya umiliki wa bwana wa eneo walitakiwa kulipia ruhusa ya kuondoka, na malipo hayo yamo kwenye nyaraka za serikali za huko, kama zilizoko Generallandesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya mjini Karlsruhe, kwa nchi za Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kama familia ilikuwa ya Wamennonite, usitafute ubatizo wa mtoto kwa sababu hawakubatiza watoto. Wafuate kwa ardhi na wosia.

DNA inasaidia ikiulizwa swali jembamba. Babu wa vizazi saba nyuma amekuachia kwa wastani sehemu moja kati ya 128, chini ya asilimia 1, na vipande vidogo hivyo hupotea au hufanana kwa bahati tu. Kromosomu Y ina nguvu zaidi, lakini inapita baba kwa mwana tu. Watafute wanaume wawili, kila mmoja akishuka kwa mstari wa baba kutoka kwa mmoja wa hao "ndugu". Wakitofautiana mbali, angalau ndugu wa damu kwa baba hawakuwa, au mstari mmoja umekatika katikati. Wakilingana, mmepata ukoo mmoja wa kiume, lakini kama walikuwa ndugu, binamu au mtu na baba yake mdogo, hilo kipimo hakisemi. Hapo mtarudi kwa wasimamizi wa ubatizo.